Muuza Friji Akagua Chuo

Muuza friji kuukuu wa mtaa wa Smithfield hanunui friji kabla ya kuiwekea kiganja. Hukibandika ubavuni, akafumba macho, akasikiliza mota. Kisha hutaja bei yake, akageuka na kuondoka polepole, akingoja kuitwa. Siku zote huitwa. Leo kiganja kimemtupa. Binti yake, Divine, amekubaliwa kwenye chuo kikuu cha serikali na kwenye chuo kidogo cha falsafa na fasihi, na kesho lazima ajibu. Wamevitembelea vyote viwili. Kwenye kile kikubwa hakuna aliyewasalimu. Sawa, duka lenye wateja halibembelezi mtu. Kwenye hiki kidogo mwalimu amemwita Divine kwa jina na kuwamiminia chai, naye baba anajua muuzaji anayekumiminia chai ana mali iliyolala dukani. Lakini Divine anabishana na mwalimu huyo huku akicheka, na nyumbani hajawahi kumsikia akiongea hivyo.

Baba anabandika kiganja kwenye ukuta wa chuo. Kimya.

“Papa, hiyo si friji!”

Anageuka, anaelekea getini polepole, masikio ameyaacha nyuma. Kweli anaitwa, ila anayemwita ni Divine.

“Papa, unaenda wapi? Nichague kipi?”

Anarudi, kiganja bado kina baridi ya ukuta, wala hana bei ya kutaja.