Chungu cha Mjomba na Motakaa ya Mdachi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, someni hadi mwisho ndipo mseme bibi kazeeka. Nimeandika kwa mkono wangu. Herufi zimelala kama mahindi baada ya mvua, lakini maneno yamesimama.

Kilichonitia kalamu mkononi ni gari la mjukuu wangu Shabani, ile pikapu anayopakilia kabichi na karoti milimani kupeleka Msamvu. Gari lenyewe lilikula barabara miaka mingi kabla halijafika kwake. Juzi lilipoingia hapa uani lilikohoa kikohozi kizito, cha kifuani, likatoa moshi wa buluu, likazima kabla yeye hajalizima. Nikamwuliza lina nini. Akanijibu kwa fahari kwamba halina kitu, oili anaongeza kila ikipungua, na nati ya chini ya kumwagia oili chafu hajaigusa tangu alinunue. Mwanangu, nilikaa chini. Kikohozi kile nakijua. Nilikisikia siku moja nikiwa mwali, zamani za Wadachi, na nusura kiniache bila mume, na nyinyi nyote muwe hewa tu.

Babu yenu Salum, Mungu amrehemu, alikuwa dereva. Siku zile dereva alitazamwa kuliko akida. Alimwendesha Mdachi mmoja mwenye shamba la mkonge chini ya mlima, ambaye watu walimwita Bwana Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Motakaa yake, ndivyo tulivyoliita gari, ililetwa ikiwa nzee, ikazidi kuzeeka kwa safari za Kilosa na Dumila, na njia zenyewe zilikuwa za tembo. Salum alivaa glovu za ngozi hadi kwenye viwiko. Siku ya kwanza alipokuja kwetu kuposa alitaka kula ugali nazo. Bibi yangu mzaa mama alimtazama tu, akavuta sahani kwake. Akazivua.

Sasa sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la posa ni la mjomba. Mchumba mbele ya mjomba hana ulimi. Akiambiwa jua linachomoza Kilosa, kule linakotua, atasema ndiyo, na tena leo limewahi. Mjomba wangu Kibwana aliijua nguvu yake hiyo, akaitumia kama mtu aliyepewa fimbo mpya anavyotafuta mbwa.

Mjomba huyo alikuwa na chungu chake cha mafuta, alichorithi kwa wajomba zake. Chungu hicho hakijawahi kuoshwa. Kilikuwa kinaongezewa tu, mafuta mapya juu ya ya zamani, na ndani kilikuwa na gamba jeusi nene kama ganda la mti. Alikisifu mbele ya wageni. Alisema kuosha chungu cha mafuta ni kufukuza baraka, na sisi wanawake tuliokuwa tukikipikia tulinyamaza, kwa sababu mwenye kaya ni mwenye kaya.

Vita vilipoingia, Mwingereza alifunga bahari, oili ya Ulaya ikakatika. Bwana Kofia akaamuru motakaa ilishwe mafuta ya nyonyo. Tukawa sisi wa kukaanga mbegu, kuzitwanga, kuzichemsha na kuengua mafuta yanayoelea. Ni nyonyo hiyo hiyo tuliyowanywesha watoto wenye tumbo gumu, kwa hiyo watu walicheka sana, wakasema sasa gari la Mdachi litaharishwa. Ingekuwa hivyo ingekuwa heri. Mafuta ya nyonyo yakipikwa na moto wa injini siku nyingi huganda, huwa gundi, mwisho huwa tope. Fundi wa reli pale stesheni alimwambia Salum waziwazi kwamba asiwe anaongeza tu, kila baada ya safari chache ayamwage yote yaliyochoka, asuuze, ndipo atie mengine.

Salum alikubali. Siku aliyolala chini ya gari na spana yake, Mjomba akapita njia.

"Unafanya nini huko chini, mkwe?"

"Shikamoo, mjomba. Namwaga mafuta yaliyochoka."

"Marahaba. Jasho la dada zangu unalimwaga mchangani?"

Akamsomea somo la chungu. Mafuta ya zamani ndiyo mama, mapya ni watoto. Ukimwaga mama, watoto watalelewa na nani? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na babu yenu, ambaye fundi alikwisha kumwambia ukweli, na ukweli ule aliujua, akajibu, "Ndiyo, mjomba," akakaza nati. Tangu siku hiyo akawa anaongeza, anaongeza, anaongeza, na kila akiongeza Mjomba alimwita mkwe mwenye adabu.

Motakaa ilianza kukohoa. Ikawa inachemka mahali ambapo hata punda hachoki. Mwisho ikafa katika kilima cha Mzumbe, Bwana Kofia akiwa ndani, ikabidi ivutwe na ng'ombe hadi karibu na kwetu, na Bwana ameketi mle ndani wima kama bwana harusi. Aliposhuka hakupiga kelele. Alisema Ijumaa Bwana Mkubwa wa serikali anafika kwa treni kutoka Dar es Salaam, na motakaa isipokuwa stesheni kumpokea, Salum atapigwa hamsa ishirini mbele ya watu wote wa shamba. Hamsa ishirini, kwa msiojua, ni viboko ishirini na tano vya ngozi ya kiboko, na siku hizo hakutishiwa mtu navyo kwa mzaha.

Mimi nililia. Harusi yetu ilikuwa wiki iliyofuata. Mjomba alinikuta nikilia akanituliza kwa namna yake: akasema kama Salum atapigwa hadharani, basi harusi hakuna, kwa sababu mgongo wa mkwe ni uso wa ukoo, nao uso wa ukoo hauwezi kuchanika. Kisha akaenda mwenyewe kuiponya motakaa.

Dawa yake mnaijua. Aliongeza mafuta. Aliongeza hadi yakafurika yakamwagika juu ya miguu yake, akamwambia Salum awashe. Salum akasema ndiyo, mjomba. Gari za siku hizo ziliwashwa kwa mkono, unaingiza hendeli mbele ya pua ya gari, unazungusha. Salum alizungusha, haikugeuka. Mjomba akamwambia vijana wa leo hawana ugali mwilini, akashika hendeli yeye. Alijikaza hadi mishipa ya shingo ikasimama. Injini ikapiga mara moja, buu, hendeli ikarudi kinyume, na Mjomba Kibwana, mwenye neno la mwisho katika ukoo wetu, akaruka akaangukia kwenye karai letu la mashudu ya nyonyo.

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa kazi kubwa kutocheka, dada yangu alijiuma kanga.

Bibi yangu, mama yake Mjomba, ndiye aliyetoka ndani kwa ule mshindo. Alikuwa mfupi, mkavu, haongei ila neno likiwa limeiva. Alimtazama mwanawe karaini, akalizunguka gari, akainusa injini kama anavyonusa mtungi kabla ya kutia togwa. Akamwambia Salum afungue huko chini. Salum akamtazama Mjomba.

"Nimekuambia wewe," bibi akasema, "sikumwambia karai."

Salum akafungua. Hakikutoka kitu. Akachokonoa na kijiti. Likachungulia tope jeusi, likaning'inia kama ulimi wa ng'ombe, likakataa kudondoka. Bibi akalikata kwa kisu cha mboga, akalileta mbele ya Mjomba, akaliweka juu ya jani la mgomba.

"Huyu ndiye mama uliyekuwa ukimtunza," akamwambia. "Chungu chako nimekinyamazia kwa kuwa kilikuwa kinatuharibia mlenda tu. Hiki kinataka kula mgongo wa mtoto wa watu na kumwacha mjukuu wangu nyumbani."

Kisha akamgeukia Salum, nami nilidhani atampongeza. Maneno aliyomwambia ndiyo ninayowaandikia nyinyi leo.

"Na wewe fundi alikuambia, ukajua, ukanyamaza. Hiyo unaiita adabu? Mkweo akitumbukia shimoni humfuati kwa heshima. Unamshika nguo, unamwambia samahani mjomba, hapa pana shimo."

Babu yenu alifungua mdomo, na kwa mazoea tu akasema, "Ndiyo, bibi." Hapo ndipo tulipocheka.

Basi tukaosha. Bakuli la chini la injini lilifunguliwa likatolewa zima, tukaliosha kama tuoshavyo mitungi ya mafuta, kwa maji ya majivu yaliyochemka na mchanga wa mtoni. Lile tope lilipokutana na majivu likageuka kuwa sabuni, povu likatufika mabegani. Vijitundu vya juu Salum alivichokonoa kwa njiti za chelewa na matambara yaliyolowekwa mafuta ya taa. Na mafuta ya taa, katika njaa ile ya vita, yalikuwa katika nyumba moja tu: kwenye taa ya Mjomba, taa ya kioo aliyoipenda kama mtoto wa mwisho. Bibi hakumwomba. Alimnyooshea kibuyu kitupu, akangoja. Mjomba akaenda akaimimina taa yake, tone kwa tone, huku akiangalia pembeni.

Ijumaa motakaa ikawaka. Lakini haraka haraka haina baraka, hatukusuuza vya kutosha, na sabuni ikabaki ndani. Salum aliendesha hadi stesheni gari likitoa povu jeupe ubavuni, vitone vikiruka hewani, na watoto wa mjini wakikimbia nyuma wakijipaka. Bwana Mkubwa aliposhuka kwenye treni aliuliza hiki ni nini. Bwana Kofia akamgeukia Salum. Salum akasimama wima, glovu zake mkononi, akasema, "Inaoga, Bwana. Leo ina mgeni."

Bwana Mkubwa, aliyekuwa na uso kama ukuta wa boma, alicheka hadi akashika mlango. Mgongo wa babu yenu ulipona hapo.

Lakini sikilizeni na hili, maana wengi wakisimulia hulisahau. Baada ya kuoshwa, motakaa ilianza kuvuja. Mjomba alifurahi mno, akapita nyumba kwa nyumba akisema mnaona, nilisema isioshwe. Kesho yake bibi akaamuru chungu chake nacho kioshwe kabla ya kupikia karamu ya harusi. Gamba lilipotoka, chungu kikaonekana kina ufa kutoka mdomoni hadi tumboni. Kwa miaka yote kilishikiliwa na uchafu tu. Mjomba akakipapasa kama mtu anayepapasa jino lililong'oka.

"Ufa haukuletwa na maji," bibi akamwambia taratibu. "Ulikuwepo. Sasa tunajua pa kuziba."

Mwanangu, katika ndoa yangu na babu yenu nimelikumbuka neno hilo mara nyingi kuliko mahari. Tulipokosana, alikuwa na tabia ya kuniletea zawadi bila kusema lililotokea. Kanga juu ya kinyongo, sukari juu ya kinyongo. Nilikuwa namwambia, Salum, unaongeza, hujamwaga. Basi anakaa chini, anasema, nami nasema, na mara nyingine kweli tulivuja, tukakuta ufa ambao hatukuujua. Tukauziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mficha uchi hazai.

Kwa hiyo nasema hivi. Kizuri ukikimimina juu ya uchafu, kinakuwa uchafu, hata kiwe kimetoka Ulaya. Kilichotembea sana, gari au ndoa au urafiki, ndicho kinachotaka kumwagwa mara kwa mara, msikiogope eti ni cha zamani kitavunjika. Na mkubwa akikosea, mwambie kwa adabu, lakini mwambie. Mimi mwenyewe nikikosea niambieni. Mtachagua saa nzuri, nikiwa nimekula.

Mungu awape mikono safi na migongo mizima, awakutanishe na wakwe wenye masikio, na awajalie wajukuu wa kuwaandikia.

Sasa la nyumbani. Shabani, funguo za gari lako nimezifunga kwenye pindo la kanga yangu, usizitafute. Leo utalala chini ya gari, utafungua nati, na tope utaniletea hapa barazani kwenye karai nilione kwa macho yangu. Ukimaliza nawa mikono, uingie ukae na mkeo, umwage na lile tope jingine, la moyoni, mnalolijua nyinyi wawili. Na yeyote humu ndani atakayemwona Shabani anaingia na kanga mpya kabla hajaongea na mkewe, amnyang'anye aniletee mimi.