Kabichi za Akina Mama

Mimi ni bwana shamba hapa Kasansa, na tangu Jumanne natamani ardhi ipasuke inimeze.

Serikali ilipoondoa ruzuku ya mbolea, niliwafundisha akina mama wa kikundi kuloweka maganda ya ndizi na mapapai kwenye pipa ili wapate mbolea ya maji. Wakaandika kila neno. Kisha nikasikia wageni wa wilaya wanakuja kuziona kabichi zao. Nikataka zinawiri haraka, basi jioni moja, peke yangu, nikazimwagia ile mbolea ikiwa nzito kama uji, mpaka pipa likaisha.

Siku ya tatu kabichi zote zilikuwa zimeungua, isipokuwa mstari wa mwisho. Unadhani nilijiuliza? Thubutu! Niliona alama za kwato njiani, nikapiga kelele kwamba ng'ombe wa jirani, Mzee Masanja, wamezikojolea. Jumanne kikao cha kijiji kikamwamuru mzee wa watu ahamishe boma lake.

Mzee Masanja akasimama taratibu.

"Bwana shamba, ng'ombe wangu wanapita kando ya ule mstari wa mwisho. Mbona ndio pekee uliobaki kijani?"

Nikakohoa. Pipa lilikuwa limeisha kabla sijaufikia mstari huo.

Mama Skola, mwenyekiti wa kikundi, akafungua daftari lake, akasoma kwa sauti maneno niliyowaandikisha mwenyewe:

"Kikombe kimoja kwa ndoo nzima ya maji. Ukiimwaga nzito, itaunguza mimea."

Akafunga daftari, akaniangalia.

"Na pipa letu, bwana shamba, nani amelimaliza?"