Tuta Lililoitwa Yatima

Mwalimu wetu wa kilimo na sayansi aliitwa Hadubini, na aliyembandika jina hilo hakumwonea. Mama yule alikuwa na jicho la kuona kitu kabla hakijawa kitu. Chupa ya spiriti ya maabara aliichora mstari pale spiriti ilipoishia, ili kesho ajue kama kuna aliyeionja. Ukimsalimu kwa uchangamfu uliozidi kidogo, alikuuliza una shida gani. Mimi nilifundisha hesabu, meza yangu ikitazamana na yake, na kwa miaka yote hiyo nilikunywa chai huku nikichunguzwa.

Hakuzaliwa hivyo. Katika shule aliyotoka, mtu alivujisha mtihani wa vitendo, darasa zima likafutiwa matokeo, na yeye, ambaye hata hakujua mtihani ulipitia mlango gani, akahamishwa kama mhalifu. Jambo lile lilikaa kwenye faili lake na kwenye koo lake. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa hiyo nilimvumilia, ingawa kuna siku alinichosha kabisa.

Mwaka huo darasa la mwisho lilikuwa na mradi wa mahindi nyuma ya maabara, matuta manne. Moja lilipewa samadi, moja mboji, moja mbolea ya dukani, na la mwisho halikupewa chochote, ili yale mengine yalinganishwe nalo. Alama za mradi ziliingia kwenye mtihani wa kumaliza shule, na mtahini angekuja kutoka nje ya shule kuyaona mahindi kwa macho yake. Wanafunzi hawakuelewa kwa nini mtu alime, apande, halafu anyime. Hadubini, ambaye hakuwa mtu wa masihara, siku hiyo akatania.

"Hili ni yatima," akasema. "Halina baba wala mama. Tuone litaishije lisipopewa kitu."

Darasa likaangua kicheko na jina likanasa. Alipoona utani wake umepokewa, akaurudia kwa wadogo wa darasa la chini alipowapeleka kuona dalili za njaa ya mmea, jinsi majani yanavyoanza kugeuka manjano kutoka chini. Baada ya hapo shule nzima ikawa inasema Yatima.

Basi Yatima likaanza kunawiri. Mwanzoni majani yalikuwa yamepauka kama ilivyotarajiwa, kisha yakarudisha rangi, kisha shina likanona, mpaka mahindi yale yakawa yanayatazama ya mbolea ya dukani kwa dharau. Mahali pengine watu wangeshangilia. Kwetu ilikuwa balaa, maana mtahini akikuta tuta lisilolishwa limeshiba kuliko yaliyolishwa, angesema matokeo yamechezewa na kuyafuta. Na mwalimu aliyefutiwa mara mbili hapati mahali pa kujieleza.

Mshukiwa wa kwanza nilikuwa mimi. Akaniuliza jana jioni nilikuwa natafuta nini nyuma ya maabara. Nikamwambia nilikuwa naenda chooni, na kwamba huyu mwizi wake ni wa ajabu, haondoi, anaongeza. Hakucheka. Akamgeukia mlinzi, akamhoji habari za kuku wake mpaka mlinzi akanuna. Akabadilisha kufuli la stoo. Akamwita kiranja wa darasa akamwambia awe macho, halafu akamwambia mwingine awe macho na kiranja. Muda si muda wanafunzi wakaanza kushukiana wao kwa wao, na marafiki wawili waliokuwa chanda na pete wakaacha kukaa dawati moja.

Akamwaga majivu kuzunguka tuta. Asubuhi kulikuwa na alama za viatu, na darasa la mwisho likasimamishwa mstarini, kila mmoja akiinua soli yake kama farasi anayekaguliwa kwato. Hakuna kiatu kilicholingana, alama ilikuwa ndogo mno. Hadubini akasema kuna mtu anataka kummaliza. Kwa mara ya kwanza nikamhurumia kwelikweli.

Kisha akafanya jambo ambalo angepaswa kulifanya mapema. Akachota udongo wa Yatima, akaunusa. Ulikuwa na harufu ya mbolea ya kuku iliyolowekwa na kuchujwa, maji yake yakazimuliwa, namna ileile aliyokuwa akiifundisha mwenyewe.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akiniangalia.

Alfajiri iliyofuata tukajibanza kwenye stoo ya majembe. Alitaka niwe shahidi wake, au, nadhani, alitaka kujua niko wapi. Kulipopambazuka akaja binti wa darasa la chini, mkononi ana kopo. Nilimfahamu: tangu wazazi wake wafariki aliishi kwa mke wa mjomba wake, akiwahi shule kuliko wote na kuchelewa kuondoka kuliko wote. Akainama, akamimina taratibu kando ya kila shina, akikwepa majani yasiungue, kama alivyofundishwa.

Hadubini akatoka. "Nani kakutuma?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Nakuuliza tena. Mwalimu gani kakutuma?"

Nikiwa nyuma yake na jembe likinichoma mbavu, nilikasirika, maana nilijua ananishuku mimi. Lakini binti hakunitazama hata kidogo.

"Hakuna aliyenituma. Ulisema tuone litaishije lisipopewa kitu," akasema. "Mimi nilikuwa najua tayari."

Nadhani Hadubini aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake. Mwishowe akalichukua lile kopo, akachungulia ndani.

"Umechuja vizuri," akasema. "Nenda darasani. Na usimwambie mtu."

Mkuu wa shule alipoona mahindi yale alitaka yang'olewe, tusingizie mbuzi. Mimi nilishauri tuseme pale palikuwa na jalala zamani. Hadubini akatusikiliza, akasema uongo wa namna hiyo mtahini ataufukua kwa kidole. Kumtaja binti nako hakukuwezekana, maana aliyeharibu mradi wa mtihani hufukuzwa shule, na yule hakuwa na pengine pa kwenda.

Mtahini alipofika, alisimama muda mrefu mbele ya tuta la nne. Hadubini hakungoja kuulizwa.

"Hilo lililishwa, usilihesabu," akasema. "Haya matatu hayakuguswa, na watoto hawa hawana kosa."

"Nani alililisha?"

"Mimi."

Darasa zima lilimgeukia. Mtahini akamtazama toka utosini hadi kwenye viatu, akauliza mwalimu mwenye akili zake anawezaje kuharibu jaribio lake mwenyewe. Akajibu kwamba alilionea huruma. Mtahini akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Alikuwa amesoma habari zake kabla ya kuja.

"Na ule mtihani wa shule uliyotoka," akasema, "nao uliuonea huruma?"

Nilitaka kusema neno. Hadubini akanikata kwa jicho, nikanyamaza, na mpaka leo sijui kama nilifanya vyema. Watoto wa darasa la chini walikuwa wakipita kwenda maabara, wakisukumana, binti yule miongoni mwao.

"Andika unavyoona," akamjibu.

Darasa likapewa alama za matuta matatu, na wengi wakafaulu. Binti yule yupo, sasa amepanda darasa. Hadubini amevuliwa usimamizi wa miradi, na walimu wapya wananong'ona akiingia. Kwenye faili lake yapo makosa mawili, na hakuna hata moja alilolifanya.