Koo Jipya na Tonge la Mama Mkwe

Soda ya sabuni, ile kali kama moto, ndiyo iliyoniunguza koo. Kwetu Kasongo tunapika sabuni ya mawese nyumbani, na siku ile mtu aliacha soda iliyoyeyushwa ndani ya kikombe cha kunywea. Nilikuwa na kiu. Baadaye, katika mji wa mbali, daktari alikata kipande cha utumbo wangu, akakipandisha kifuani hadi shingoni, kikawa njia mpya ya chakula. Njia hiyo haisukumi kitu. Chakula kinashuka kwa uzito wake tu, nikiwa nimekaa wima, nikitafuna hadi kiwe uji, nikikisindikiza kwa maji.

Mimi na mume wangu tulipofika Wamaza kwa wakwe zangu niliwaeleza hayo yote. Wakaitikia kwa vichwa, waungwana wale, kisha kila mmoja akawa daktari. Kwao bugali, ugali wa muhogo, hautafunwi, unamezwa, na anayetafuna ana lake jambo. Wifi yangu aliyatazama mataya yangu akacheka waziwazi.

Kisha, tukiwa tunakula, uzi wa sombe, mboga ya majani ya muhogo, ukanikwama kooni. Ningengoja, ungeshuka wenyewe. Lakini nani alikuwa na subira hiyo? Mama mkwe alifinyanga tonge kubwa, lile wanalopewa watu waliokwamwa na mwiba wa samaki.

"Meza tu, mama, usitafune. Itasukuma ile yenye iko ndani."

"Mama, munganga mwenye alinipasua alikataza."

"Munganga iko hapa?"

Tonge la mkono wa mama mkwe halikataliwi. Nikalimeza. Halikusukuma kitu. Lilikaa juu ya sombe kama kizibo, hata mate yangu yakakosa pa kupita. Niliogopa kufa, tena kufa kijinga vile mbele ya mawifi. Nikatapikia ndani ya beseni la kunawia mikono.

"Ule munganga alikushona mubaya," mama mkwe akatoa hukumu.

Kwenye sahani ya wanaume, mume wangu aliitikia kwa kichwa, mdomo umejaa. Hapo ndipo iliponiuma. Ni yeye aliyekaa na daktari akayasikia maelezo yote.

Kesho yake tonge likaja tena, kubwa zaidi, eti koo lizoee. Nililipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, nikavuka mkeka, nikaliweka mkononi mwa mume wangu.

"Meza weye kwanza. Usitafune."

Alilitazama. Akamtazama mama yake. Kisha bwana yule, mwenye koo zima alilozaliwa nalo, akalimega vipande vidogo, akaanza kutafuna.