Namba moja ya mwenye nyumba: itifaki ilivyotuzimia intaneti Majengo

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Juzi kuna mdau alileta uzi hapa akilia kwamba router ya nyumbani kwake imerogwa. Mmoja akiwasha kompyuta, wenzake wote wanatupwa nje ya mtandao. Nimesoma comments zote nikacheka mpaka chai ikanipalia.

Hayo mimi niliyaona zamani, Dodoma hii hii. Nitakayosimulia ni kweli. Chumvi nimetia kidogo tu, maana hata mlenda bila chumvi haulambiki.

Kwanza mnijue. Mimi ni zao la shule ya jioni. Form Four nilisoma jioni, cheti cha kompyuta nikakisomea jioni, mpaka mchumba nilimpata jioni. Majirani wakaniita Injinia wa Jioni, na jina lenyewe nililipenda kuliko la ubatizo.

Zilikuwa zile enzi milango ya biashara imeshafunguliwa, kila kitu kinaingia nchini, kompyuta za mtumba zinauzwa pembeni ya mafungu ya nyanya. Ya kwangu ilikuwa na kisogo kirefu, ukitaka kuigeuza lazima kwanza utoe kitanda nje.

Nilikuwa nimepanga Majengo, nyumba ya Mzee Shabani. Vyumba vimezunguka uwanja, koridoni unapita waya wa simu ya mezani ya mzee. Intaneti ilipoanza kuja kwa waya wa simu, wapangaji tukaungana tukanunua router ya mtumba, nikaitundika juu ya mlango wa koridoni, nikasambaza cable kila chumba kupitia darini. Popo walihama wenyewe.

Sasa hapa wageni wa mambo haya wanisikilize. IP address ni kama namba ya chumba. Kila kompyuta lazima iwe na ya kwake, ndiyo mzigo wako ukija ujue pa kushukia. Router yetu ilikuwa imechoka, ile kazi ya kugawa namba yenyewe ilishaacha kitambo. Kwa hiyo nikagawa kwa mkono. Mimi 192.168.1.11, jirani 12, mwingine 13, tukaenda hivyo.

Maisha yakawa matamu. Mji mzima ulikuwa unatuonea wivu. Nadhani hata Bungeni walitusikia.

Wapangaji wawili mnahitaji kuwajua.

Wa kwanza ni Bwana Itifaki. Alikuwa mtumishi wa serikali, kazi yake kupanga viti kwenye sherehe: nani akae mbele, nani nyuma, nani atambulishwe kabla ya nani. Ilishamwingia kwenye damu. Hata tukila pilau ya Idi kwa mzee, yeye ndiye anatuonyesha pa kukaa.

Wa pili ni Mama Kulwa. Mume wake alipata nafasi ya masomo India, akaondoka mama akiwa mjamzito. Wakazaliwa mapacha, Kulwa na Doto. Usiku wa uchungu, aliyemkimbiza hospitali ni Mzee Shabani na pickup yake, ile ambayo honi ndiyo kitu pekee kisichopiga kelele. Baba wa watu alikuwa hajawaona wanawe hata kwa picha.

Basi bana, mzee naye akanunua kompyuta.

Siku inafika mimi sikuwepo. Nilikuwa Kibaigwa na mjomba kwenye mahindi. Narudi, nakuta kikao cha wapangaji kimekaa na kazi imekwisha.

"Injinia," Bwana Itifaki akaniambia, kifua mbele, "ulitaka kumpa mwenye nyumba namba ishirini na ngapi huko, nyuma ya wapangaji wake? Haiwezekani. Nimeshampangia mwenyewe, vizuri kabisa."

Nikamwambia ahsante. Kweli, mashine ya mzee ipo sebuleni kwake, nani ataingia kuipekua? Tena ameshapangiwa vizuri.

Kuanzia wiki ile intaneti ikaanza kifafa.

Inakwenda, inakwenda, ghafla kimya. Taa za router zinawaka zote, cable ziko sawa, lakini hakuna kinachofunguka. Nikalaumu vumbi. Nikalaumu simu. Nikalaumu popo, labda walirudi na kinyongo.

Mama Kulwa ndiye aliyeumia. Alikuwa amepangana na mumewe kuonana kwa kamera, tukaazima kamera kwa rafiki yangu, watoto wakaogeshwa wakang'aa. Picha ya baba ikaanza kutokea kutoka juu: nywele, paji la uso, nyusi... ikaganda hapo. Alimwona mumewe nyusi tu, aisee. Akainama akawabusu watoto.

Baba Kulwa akatuma ujumbe baadaye: Jumapili ijayo ndiyo mwisho, baada ya hapo anapelekwa mafunzo ya vitendo vijijini huko, miezi mingi, hakuna mtandao.

Wapangaji wakaanza kuchunguza, na wakagundua jambo. Intaneti inakufa kila mzee akiwasha kompyuta. Akizima, inafufuka.

Hapo ndipo maneno ya uani yakaanza. Mmoja anasema mashine ya mzee inanyonya umeme wa router. Mwingine anasema mzee ana mkosi na vitu vya kisasa, hata redio yake hukoroma. Kila mtu anataka mzee aambiwe asiwashe siku ya Jumapili. Wa kumwambia hayupo. Utamwambiaje mwenye nyumba azime kitu chake kwenye nyumba yake?

Nyumba za kupanga hazina siri. Jumamosi mzee akatoka kwenda msikitini, akasimama uani, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Nimesikia mimi ndiye mkosi. Basi nimeshachomoa. Mama Kulwa, zungumza na mumeo kwa raha zako."

Akaondoka. Nilichungulia sebuleni kwake, kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha meza, kama maiti.

Na intaneti ikawa inaruka kama swala! Majirani wakasema, si mnaona? Tumalize hapo.

Mama Kulwa akagoma.

"Yule ndiye baba yangu hapa Dodoma," alisema, mtoto mmoja begani, mwingine mgongoni. "Wanangu wamezaliwa salama kwa sababu yake. Mimi nionane na mume wangu huku yeye kajifungia ndani anaitwa mkosi? Hapana. Kompyuta ya mzee iwake, ndipo na mimi niongee. Injinia, tafuta ugonjwa."

"Lakini kesho asubuhi si ndiyo..." nikaanza.

Bwana Itifaki akadakia: "Injinia wa Jioni, kesho ni asubuhi. Utaweza kweli?"

Watu wakacheka mpaka kuku wakahama uani. Mimi nikacheka pia.

Jumapili Mama Kulwa akaenda misa ya kwanza kuniombea. Mimi nikamwomba mzee awashe. Akakubali kwa shingo upande, akawasha, akatoka akakaa barazani akitazama pembeni.

Mtandao ukafa papo hapo. Safi. Mgonjwa anayeugua mbele ya daktari anatibika.

Nikaenda kwenye mashine yangu, nikafungua ule ukurasa mweusi, nikaandika ping 192.168.1.1, yaani napiga hodi nione kama kuna anayeitika. Hiyo namba moja ndiyo ya router yenyewe, yaani geti la nyumba. Kila kompyuta ikitaka kutoka nje inaliita geti kwanza.

Geti likaitika vizuri kabisa. Reply, reply, reply.

Nikakuna kichwa. Geti lipo, kwa nini halifungui? Nikajaribu kufungua ukurasa wa settings za router kwa namba hiyo hiyo. Haufunguki. Anayeitika yupo, lakini mlango hana!

Hapo nikakumbuka somo moja nililolisikiliza nikiwa nusu usingizini. Kila kifaa, mbali na IP unayokipa wewe, kina namba yake ya kuzaliwa kutoka kiwandani, haibadiliki. Nikaandika arp -a, amri ya kuonyesha nani hasa yuko nyuma ya IP fulani. Nikapanda kwenye stuli, nikaigeuza router, nikasoma namba ya kuzaliwa kwenye kibandiko cha chini.

Namba hazifanani. Hata kidogo.

Maana yake, siku zote hizo nilikuwa naita geti, na anayeitika ni mtu mwingine!

Nikapiga hodi sebuleni kwa mzee, nikaomba ruhusa, nikakaa kwenye mashine yake. Nikaandika ipconfig /all, mashine initajie namba zake zote. Namba ya kuzaliwa: ile ile iliyokuwa inaniitikia. IP address: 192.168.1.1.

Wakuu, nilisikia mpaka mbavu zinacheka. Nikamwita Bwana Itifaki.

"Mkuu, mzee ulimpa namba ngapi?"

"Moja," akajibu bila wasiwasi. "Mwenye nyumba ni namba moja. Tena niliangalia nikakuta haina mpangaji."

"Ina mpangaji. Ni router. Hiyo ndiyo namba ya geti. Umemkalisha mzee getini, watu wote wakitaka kutoka wanamwendea yeye, na yeye hana njia ya kuwatoa."

Jasho likamtoka, na ilikuwa asubuhi ya baridi la Dodoma. Akaninong'oneza: "Sasa nani atamwambia ashuke? Mtu ukishamkalisha kiti cha mbele, kumnyanyua ni balaa. Nimeshaona watu wanakosana miaka kwa kiti."

"Mnanong'ona nini humo?" mzee akauliza kutoka barazani. "Au mkosi umeongezeka?"

Tukatoka wote wawili. Bwana Itifaki akaangalia viatu vyake. Ikabidi niseme mimi.

"Mzee, wewe huna mkosi. Ni namba uliyopewa. Tulikupa moja kwa heshima, kumbe moja ni ya geti, lazima iwe ya router. Tunaomba... tunaomba ukubali nyingine."

Mzee akageuka. Akanitazama, akamtazama Bwana Itifaki.

"Yaani ndiyo maana yangu haijawahi kufungua intaneti hata siku moja?"

"Haijawahi? Mzee, na hukusema?"

"Ningesemaje? Nimeambiwa mimi namba moja. Namba moja anaanza kulalamika? Nikawa nacheza karata zile za ndani, nikasema labda intaneti inapita kwa wadogo kwanza."

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, Bwana Itifaki akaiokota kwa mikono miwili.

"Wewe kijana wa viti," mzee akamwambia, "unajua babu zangu walifikaje Dodoma? Na misafara. Unajua mbele ya msafara alitembea nani? Kirangozi. Mwenye kujua njia. Mwenye mali alikuwa nyuma kabisa, mwisho, aone mzigo wake wote unavyokwenda na nani anataka kutoroka nao. Mwenye mali akitangulia mbele, mnapotea wote. Sasa mmepotea au hamkupotea?"

"Tumepotea, mzee," Bwana Itifaki akasema.

"Injinia, namba ya mwisho kabisa ni ngapi?"

"Mia mbili hamsini na nne."

"Nipe hiyo. Na router muiache itangulie."

Nikambadilishia. Tukazima zote, tukawasha upya, na kwa mara ya kwanza kompyuta ya mzee ikafungua ukurasa. Ilikuwa habari za mpira. Timu yake ilikuwa imefungwa, lakini alifurahi kama imechukua kombe.

Bwana Itifaki akanivuta pembeni. "Basi mimi niwekee mia mbili hamsini na tatu." Huyo haponi!

Asubuhi hiyo hiyo, saa ya miadi ilipofika, tukajazana chumbani kwa Mama Kulwa. Alimwalika na mzee. Mzee alikataa kwanza, akasema hayo ni ya mke na mume, ila Mama Kulwa akamkabidhi Doto mikononi, na mtu aliyeshikishwa mtoto hawezi kuondoka. Kompyuta ya sebuleni ilikuwa inawaka, nilihakikisha mara tatu.

Picha ikaanza kutokea kutoka juu. Nywele. Paji la uso. Nyusi.

Nyumba nzima ikashika pumzi.

Macho. Pua. Mdomo. Baba Kulwa mzima mzima, amevaa koti la suti kwa ajili ya wanawe! Akamtazama mkewe, Kulwa, halafu mzee aliyempakata Doto. Na neno lake la kwanza kutoka ng'ambo yote ile likawa:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," mzee akajibu, akamwinua Doto karibu na kamera mpaka mtoto akajaa kioo kizima. "Sasa acha itifaki, baba. Tazama wanao."

Mimi nilitoka nje kuangalia router. Haikuwa na tatizo lolote, ila macho yangu yalikuwa na vumbi.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Namba ya router usimpe mtu, hata awe nani. Kama router yako bado ina nguvu, iache igawe namba yenyewe, haijui cheo wala ukoo. Na ping ikikujibu usishangilie haraka, hakikisha kwanza anayejibu ni nani. Yule mdau wa juzi, nenda kaangalie kibandiko cha chini.

Na mtu akinyamaza na kitu chake hakifanyi kazi, muulize. Usimwite mkosi.

Haya, nimemaliza. Nyie kwenu nani alikalishwa getini? Tiririkeni, na wa mwisho kucomment leo ndiye mwenye mali.