Pembe Iliyoliwa na Mchwa

Juzi nilialikwa harusini hapa Garsen, nikatandikiwa mkeka mpya wa milia. Milia myekundu, milia myeusi, imenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwenye nyumba akaniuliza kama si mzuri. Nikasema ni mzuri, kwa kuwa wali wake ulikuwa bado uko jikoni. Lakini wewe unanijua, rafiki yangu: nikikalia mkeka wa milia mwili unaniwasha.

Nilikulia Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini, miaka ile wazungu walipokuwa ndio kwanza wanapanda mto na vitabu vyao vya dini kwenda Golbanti. Wapokomo walituletea ukindu wa kusukia mikeka kwa mitumbwi, matita kwa matita, na nyumba yetu haikuisha harufu ya majani mabichi na ya magome ya mkoko tuliyochemsha kupata rangi nyekundu. Asubuhi tulikula mkate wa mofa na maziwa ya Waorma yenye harufu ya moshi, kisha tukaanza kuchana ukindu mpaka vidole vikafa ganzi. Viboko walikoroma mtoni, na nyanya yangu alisema wana adabu kuliko majirani, maana wao angalau hawaingii bila hodi.

Mkeka hausukwi mzima. Unasuka ukili, utepe mrefu wa upana wa kiganja, na ukishapata kili za kutosha unaziunganisha kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea. Sasa sikiliza ujanja wa milia. Mlia unafuata urefu wa ukili, kwa hiyo hata ukishona huku unasinzia hautakuumbua. Nakshi ya kuvuka ni jambo jingine kabisa. Inaanzia ukili huu, inaendelea kwenye wa pili na wa tatu, na kama ulikosea kupima hutajua mpaka siku ya kushona, baada ya miezi ya kazi.

Jirani yetu alisuka milia tangu ujana wake. Mkeka wake wa kwanza na wa mwisho ilikuwa kitu kimoja, na mji mzima ulimwita fundi. Fundi wa nini? Mtu asiyewahi kugusa kitu kinachoweza kumshinda, atashindwa lini? Yeye ndiye aliyenifundisha milia, nami nikaipata upesi, wanawake wakanivika kilemba cha ukoka na mimi kitoto nikakivaa. Nyanya peke yake hakusifu. Aliupitisha mkono juu ya mkeka wangu, akaenda kukuna nazi yake. Iliniuma sana. Kisha nikaanza kuona kwamba nasuka huku nawaza maembe, na mkeka unatoka vilevile, na hapo nikaichukia milia.

Shangazi yangu alipoposwa na watu wa Lamu, nikatangaza kwamba mkeka wa chumbani mwake nitausuka mimi, kwa nakshi ya kuvuka. Shangazi alishtuka, na alikuwa na haki. Wakwe wa Lamu wangeukagua, na ukiharibika, aibu ingemfuata yeye mpaka kwa mumewe. Jirani akaja na mkeka wake, umekwisha kushonwa, akaniomba niupokee nimwokoe shangazi. Nilimwambia awape paka wake walalie. Nilichapwa kwa hilo, na hata leo naona fimbo ile ilikuwa bei rahisi kwa maneno matamu kama yale.

Nilikuwa nikifuatisha mkeka wa zamani wa nyanya, aliousuka akiwa mwari. Ulikuwa mzima isipokuwa pembe moja iliyoliwa na mchwa, na hapo ndipo nakshi ilipomalizikia. Nilimwuliza nyanya inamalizika vipi. Akasema amesahau. Uongo mtupu; mwanamke yule alikumbuka hata kuku aliyeibiwa kabla mama yangu hajazaliwa. Basi nikabuni mwenyewe. Nilisuka, nikafumua, nikasuka tena, mpaka siku ikafika.

Mkeka ukatandikwa mbele ya wageni. Nakshi ilivuka ukili baada ya ukili bila kasoro, hadi pembeni, ambako mistari ilipishana ikapotea. Jirani aliona kabla ya mtu yeyote, maana kwa makosa ya wenzake jicho lake lilikuwa zima. Akasema mtoto wa watu ameharibu, kwa ile huruma inayotaka isikike hadi jikoni. Wanawake wa Lamu wakaguna. Nyanya akaja taratibu, akakaa juu ya pembe ile, hakuinuka mpaka wageni walipomaliza kula. Nilijua ananifichia aibu, nikatamani ardhi inimeze.

Walipotoka aliniita, akasogea, akaweka kidole penye kosa.

“Hapa ndipo mwanzo wako, ndipo ulipoanda kusuka,” alisema. “Kwingine kote ulikuwa waniandama mimi.”

Shangazi alikwenda kwa mumewe na mkeka wa jirani. Sikumlaumu. Nyanya alifariki masika yaliyofuata, bila kunionyesha pembe inavyomalizika, nami nikabaki nayo miaka. Niliharibu ukindu mwingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nilipoipata nilikuwa nanyonyesha mtoto wangu wa kwanza. Nilifunga uzi wa mwisho, nikautazama mkeka, nikajua ndiyo hiyo, na furaha ikanipeleka nje mbio kutafuta wa kumwonyesha.

Nikasimama njiani. Nimwonyeshe nani? Wote waliojua kusuka nakshi ya kuvuka walikuwa makaburini, na waliobaki wangesifu chochote kilichotandikwa sakafuni. Kwa shingo upande nikapiga hodi kwa jirani, ajuza sasa, milia yake bado mapajani. Aliupapasa mkeka wangu kila upande, akapita juu ya pembe ile bila hata kusita.

“Ni mwema, mwanangu,” alisema. “Ungelitia milia ungelikuwa mwema zaidi.”

Nikamshukuru, nikaukunja, nikalia njia nzima kwa kumtaka nyanya. Tangu siku ile nasuka, natazama, na kujikatalia sifa mwenyewe, kwa kuwa hakubaki mwingine wa kunikatalia.