Kanga Mbichi Kwenye Kibuyu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokuwa bibi harusi mgeni hapa Kenyamonta, nikitikisa kibuyu cha maziwa kana kwamba nimekosana nacho. Mama yangu mzazi alikuwa njiani kutoka Ikoma, anakuja kuona naishije. Katika boma hili, mama wa mke akija mara ya kwanza hupewa ugali wa mtama na siagi iliyotikiswa na binti yake mwenyewe. Nilitaka akiionja tu, moyo wake utulie.

Haraka ikanipanda kichwani. Nikakisogeza kibuyu karibu na mafiga, nikidhani joto huharakisha kila kitu. Nikatikisa mpaka mabega yakauma. Kufungua, maziwa matupu! Nikaanza kulia. Ndiyo, mimi huyu mnayeniogopa.

Mama mkwe akacheka mpaka akashika mlango.

"Mama, mgeni anafika na siagi hakuna!" nikamlalamikia.

"Siagi imo. Umeipasha moto imeyeyuka, itashikanaje? Lete kanga yako, uilowanishe."

Akakivisha kibuyu ile kanga, akakiweka kivulini penye upepo, akaniamuru nikae. Kukaa, siku kama ile! Kanga ilipoanza kukauka, akanirudishia kibuyu. Nikatikisa taratibu, nikasikia kitu kinadunda ndani: bonge la siagi. Nikapiga kigelegele peke yangu, na mama yangu akanijibu kutoka njiani, hata hajui tunashangilia nini.

Jana ulinisomea somo lako la kemia: yabisi, kimiminika, gesi, mchanganyiko. Ukasema haliingii akilini, bora uliache. Uliache vipi, na umelinywa tangu utoto? Maziwa ni mchanganyiko, mafuta na maji yanakaa pamoja. Kwenye joto mafuta yale ni kimiminika; yakipoa huanza kuwa yabisi, yakashikana. Maji ya kanga yaligeuka mvuke, yakaondoka na joto la kibuyu. Yote hayo asubuhi moja, na mimi nilikuwa nalia bure.

Kwa hiyo jambo likikugomea, usiliongezee moto. Lipoze, liangalie liko katika hali gani, kisha rudi kazini. Kibuyu kile kipo ukutani. Kichukue ukatikise mwenyewe, uone kama kemia itakukimbia tena.

Mungu akujalie kichwa kilichopoa, mwanangu, na furaha ya kusikia mama yako akiitikia kigelegele chako kutoka njiani.